Kipimo potofu cha muunganisho kwenye kontena ni nini?

Ni kipimo kinachojibu swali ambalo hukuuliza. Unataka kujua kama programu iliyo ndani ya kontena, yaani kisanduku kinachoitenga na programu nyingine, inaifikia hifadhidata; amri uliyoandika inakupa habari nyingine, nawe unaishika hiyohiyo.

Tuseme kuna ofisi ya utalii pale Njiro, Arusha. Mfumo wao wa kupokea oda za safari unaendeshwa kwa Docker, programu ya kuendesha makontena: kontena moja la tovuti lenye jina `tovuti`, jingine la hifadhidata ya PostgreSQL lenye jina `db`. Asubuhi tovuti imegoma. Kijana wa IT anaingia ndani ya kontena la tovuti, anaandika `ping db`, amri ya kuuliza kama mashine nyingine inajibu, anajibiwa `ping: not found`. Anatangaza mtandao umekata. Wapi! Imeji nyingi, yaani violezo vinavyozaa makontena, hupunguzwa uzito hadi ping yenyewe haimo. Na hata ikiwemo, ping hutumia ICMP, itifaki ya ujumbe wa hali ya mtandao, wakati PostgreSQL inasikiliza TCP, itifaki ya kubeba data, kwenye poti (mlango wa mtandao) 5432. ICMP inaweza kuzibwa na TCP ikapita bila shida; kwenye Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi, si ajabu anwani ya Service (anwani ya pamoja ya huduma) kutojibu ping huku huduma inapiga kazi. Ni kama kumpigia simu mtu wa Moshi, asipopokea ukasema barabara imefungwa.

Kinachonikera zaidi ni kipimo kinachofaulu. Kijana anatoka nje ya kontena, anapima kwenye seva: `nc -vz localhost 5432`, amri ya kujaribu kama poti inafunguka. Inaunganisha, basi anaapa hifadhidata haina neno. Ni kweli haina neno, ila kwa kawaida kila kontena lina mtandao wake na 127.0.0.1 yake, anwani ya `localhost`, yaani "mimi mwenyewe". Kama tovuti imeelekezwa `localhost`, inajitafuta yenyewe humo ndani. Iandikiwe `db`.

Kwa hiyo pima ukiwa palepale programu ilipo, kwa jina lilelile na poti ileile. Imeji haina zana? Azima mtandao wa kontena hilo:

`docker run --rm -it --network container:tovuti busybox telnet db 5432`

Halafu soma kosa lenyewe. "Connection refused" mara nyingi ni habari nzuri kiasi: umefika, ila hakuna anayesikiliza poti hiyo, au PostgreSQL bado inaamka. Ukingoja mpaka muda uishe bila jibu, shuku ukuta wa moto au njia. Jina lisipotambulika, hakikisha makontena yote mawili yako kwenye mtandao mmoja uliouunda mwenyewe. Ule wa msingi wa Docker hautafsiri majina ya makontena.

Kuna na ule ugonjwa wa VPN: ping inapita, kurasa zinaganda. Ping ya kawaida hubeba baiti 56 tu, pakiti (vipande vya data) kubwa ndizo zinazokwama. Kwenye Linux jaribu `ping -M do -s 1472`, isiyoruhusu pakiti kukatwa, kuelekea upande wa pili. Ukiongeza baiti 28 za vichwa unapata 1500, kikomo cha kawaida cha pakiti. Hiyo ikigoma na ndogo zikapita, punguza MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya mtandao wa Docker.