Ustawi wa jamii si kugawa unga
Huku Mombasa, ukisema mwanao anasomea shahada ya ustawi wa jamii, utaulizwa: "Miaka minne kujifunza kugawa unga? Si huruma tu?" Dhana hiyo ni ya zamani, na naielewa, maana wengi humwona mfanyakazi wa jamii siku ya misaada pekee.

Huruma ni lazima, lakini haitoshi. Chukua mtoto wa Likoni aliyeacha shule. Mwenye huruma humnunulia sare. Aliyesomea huketi mkekani na nyanyake, huuliza, hunyamaza, huandika nani analala wapi, nani anapika, nani huingia usiku. Huenda akagundua tatizo halikuwa sare kamwe. Hapo anahitaji saikolojia, Sheria ya Watoto ya 2022, na ujuzi wa kuandika ripoti ambayo hakimu wa watoto kule Tononoka ataitegemea. Sentensi moja isiyopimwa yaweza kumrudisha mtoto kwa anayemuumiza.

Ndiyo maana wanafunzi hupelekwa nyanjani chini ya msimamizi. Hata kozi ya New York ya 1898, miongoni mwa za kwanza duniani, iliandaliwa kwa watu waliokuwa tayari wakihudumia maskini.