Kanisa la Magogo la Greensted: Yanayosemwa na Yaliyothibitishwa

Katika kijiji cha Greensted, kaunti ya Essex nchini Uingereza, lipo kanisa dogo la Mtakatifu Andrea ambalo kuta za ukumbi wake ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa na kusimamishwa wima, yakabanana bega kwa bega. Kwa nje magogo hayo yana mgongo wa mviringo kama yalivyokuwa mtini. Kwa ndani ni bapa, na alama za tezo iliyoyachonga zingali zinaonekana. Ni mojawapo ya majengo ya mbao makongwe kabisa barani Ulaya, na pengine ndiyo sababu limezungukwa na hadithi nyingi.

Iliyoenea zaidi ni kwamba lilijengwa mwaka 845. Tarehe hiyo ilitokana na uchunguzi wa awali wa mbao zenyewe, lakini uchunguzi wa mwaka 1995 uliisahihisha. Mti huongeza pete moja kila mwaka, pana au nyembamba kulingana na hali ya hewa, na mfuatano wa pete ukilinganishwa na ule wa mbao ambazo umri wake unajulikana, mwaka wa kila pete hupatikana. Hesabu hiyo iliishia mwaka 1053. Na kwa kuwa tabaka laini lililo chini ya gome, ambalo halimo katika hesabu hiyo, hukadiriwa kuwa na pete 10 hadi 55, miti ilikatwa kati ya 1063 na 1108. Karne mbili zimepungua, lakini eneo lenyewe halikupoteza ukongwe wake, kwani uchimbaji wa mwaka 1960 ulifichua chini ya sehemu ya madhabahu mabaki ya majengo mawili ya mbao ya kale zaidi.

Kutokana na hayo, simulizi kwamba mwili wa Edmund, mfalme wa Anglia Mashariki aliyeuawa na wavamizi wa Kideni na kuheshimiwa kama mtakatifu, ulilazwa ndani ya kuta hizi mwaka 1013, ukirejeshwa kutoka London kwenda kaburini kwake katika mji wa Bury St Edmunds, haiwezi kukubalika kama inavyosimuliwa. Huenda msafara ulipumzika hapa, ila katika jengo lililotangulia.

Wengine huamini kwamba kanisa halijaguswa tangu lijengwe. La hasha. Sehemu ya madhabahu ni ya matofali ya karne ya 16, na katika ukarabati mkubwa wa miaka ya 1848 na 1849 magogo yaliyooza miguuni yalikatwa, yakawekwa juu ya boriti mpya na msingi wa matofali. Kwangu mimi ukarabati huo si doa. Bila huo, leo tungekuwa tunaonyeshwa picha tu.

Dhana ya mwisho inahusu ulinzi. Kanisa limeorodheshwa katika daraja la kwanza la majengo ya urithi, na watu hudhani basi ni mali ya serikali na kwamba hata msumari haupigiliwi. Kwa kweli mzigo wa matunzo uko mabegani mwa waumini wa parokia. Badiliko lolote la maana huombewa kibali katika mahakama ya dayosisi, inayosikiliza wataalamu kabla ya kuamua, na tangu sheria ya mwaka 1955 makanisa ya Kianglikana nchini humo hukaguliwa kila baada ya miaka mitano, ili paa linalovuja na gogo lililoanza kulainika vigundulike mapema, kabla maji hayajafika ndani ya mwaloni.