"Mimi nimezoea": ubongo haufanyi kazi mbili kwa pamoja

Wiki hii wateja watatu wameniambia neno lilelile, tena kwa fahari: "Mimi nimezoea, nafanya mambo mengi kwa wakati mmoja." Wote watatu walikuja kwangu kwa sababu hawalali, wanasahau, na wanawaka kwa jambo dogo. Safari hii nimeona niandike.

Dhana: Ukizoea, unaweza kufanya kazi kadhaa kwa pamoja.

Huwezi, kama zote zinataka kufikiri. Kutembea huku unaongea, sawa, maana miguu inajiendesha. Kuandika ripoti huku unajibu ujumbe ni kurukaruka: akili inaiacha ripoti, inaenda kwenye ujumbe, inarudi, na kila mruko unalipiwa. Mwaka 2001 watafiti wa saikolojia Joshua Rubinstein, David Meyer na Jeffrey Evans walipima malipo hayo. Watu walipoteza muda kila walipohama kazi, na kadiri kanuni za kazi zilivyokuwa tata ndivyo walivyopoteza zaidi.

Hasara haiishii kwenye muda. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukihama, sehemu ya mawazo hubaki kwenye kazi uliyoiacha, hasa kama hukuimaliza. Ndiyo maana unasoma aya moja mara nne na haiingii. Si uvivu, wala hujaanza kuzeeka.

Sasa hilo "nimezoea", ambalo ndilo linalonikera zaidi. Mwaka 2009 Eyal Ophir, Clifford Nass na Anthony Wagner wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya mawasiliano kwa pamoja na wale wasio na mazoea hayo. Waliozoea ndio walioshindwa zaidi kupuuza yasiyowahusu, na ndio waliokuwa wazito zaidi kuhama kazi. Utafiti huo hauthibitishi kwamba mazoea ndiyo yaliyowafikisha hapo, lakini kunoleka hawakunoleka. Wapo wachache wanaoweza kweli: Jason Watson na David Strayer waliwapima watu 200 wakiigiza udereva huku wakifanya kazi ya kumbukumbu kwa simu, na ni asilimia 2.5 tu ambao hawakutetereka. Watu watano! Kila anayeketi mbele yangu anaamini ni mmoja wao.

Ninachowasihi wote ni hiki: kabla hujaiacha kazi, hata kwa dakika mbili, andika mstari mmoja. Nimefika wapi, na nikirudi naanzia wapi. Leroy na Theresa Glomb walijaribu jambo kama hilo mwaka 2018 na likapunguza mawazo yanayobaki nyuma. Andika kwenye karatasi. Ukiandika kwenye simu, utakutana na ujumbe mwingine humohumo.

Dhana: Nikikatizwa nafidia kwa kasi.

Kasi utaipata, ni kweli. Gloria Mark na wenzake waliliona hilo mwaka 2008: waliokatizwa walimaliza mapema zaidi. Ila walikuwa na msongo mkubwa zaidi, kero zaidi, na walijikamua zaidi. Uchovu unaoushangaa jioni unatoka hapo.

Dhana: Bila presha sifanyi kitu.

Presha kidogo inaamsha. Ikizidi, inabana kumbukumbu ileile unayoihitaji kupanga na kuamua, na kazi ngumu ndiyo huharibika kwanza. Igawe kazi, ujiwekee tarehe ya kila kipande.

Dhana: Kahawa ya jioni itanisaidia kumaliza, usingizi utajileta.

Kwa mtu mzima wa kawaida, kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu. Kikombe cha saa kumi jioni, nusu yake bado unayo saa tatu usiku. Siku hizi mtu akiniambia mawazo yanamkosesha usingizi, kabla ya kuyagusa hayo mawazo namuuliza kikombe cha mwisho alikinywa saa ngapi.