Karura: hati zimezuiwa, leseni bado

Nikisema ninapima ardhi hapa Nairobi, swali linalofuata mara nyingi ni hili: Msitu wa Karura umepona unyakuzi? Watu wanaona ua wa umeme, wanaona familia zikiendesha baiskeli Jumapili, wanaamini yamekwisha. Mimi siamini. Zamani aliyeutaka msitu alitafuta hati miliki. Siku hizi anatafuta leseni tu ya kupitisha mradi ndani yake, na leseni haipigiwi kelele.

Tuanze na hati. Karura ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ni takriban hekta 1,041, zimezungukwa na Muthaiga, Gigiri na Runda, mitaa ambako ekari moja ni utajiri. Miaka ya 1990 sehemu kubwa iligawiwa kampuni binafsi kimyakimya. Kwa mwenye mtu serikalini, njia ilikuwa fupi: ramani ya ploti inachorwa, barua ya ugawaji inatolewa, aliyegawiwa anauza haraka hata kabla ya kufyeka. Mnunuzi wa pili au wa tatu ndiye anayekuja na tingatinga, hati mkononi, akisema alinunua kwa nia njema. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilikuta mchezo huohuo nchi nzima, na ripoti yake ya 2004 ikapendekeza hati za namna hiyo zifutwe.

Karura haikuokolewa na tume, iliokolewa na watu. Tarehe 8 Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikwenda kupanda mti pamoja na wenzake, wakiwemo wabunge, wakavamiwa na genge. Alipigwa kichwani, na taarifa yake ya polisi aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakamiminika barabarani. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Sheria imekaza tangu hapo. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Sheria ya misitu ya 2016 nayo inataka anayetaka kubadili mpaka wa msitu wa umma apeleke ombi bungeni. Kuumega msitu kwa hati kumekuwa kugumu, na hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini barabara, bomba la maji taka au nyaya za umeme haziombi kubadili mpaka. Zinaomba ruhusa ya kupita. Mpaka unabaki palepale kwenye ramani, vigingi havisogei hata hatua moja, na hesabu ya hekta haipungui. Miti ndiyo inayoondoka. Mwaka 2024 Green Belt Movement, shirika aliloanzisha Maathai, ilikwenda mahakamani kupinga zaidi ya ekari 50 za Karura kutumiwa kupanua Barabara ya Kiambu, na mahakama ikatoa amri ya kusimamisha kwa muda. Hapo hakuna mnyakuzi wa kunyooshewa kidole, maana barabara ni yetu sote, na foleni ya Kiambu kila mtu anaijua. Ndiyo maana naihofia zaidi kuliko mabwanyenye wa zamani.

Hasara haiishii pale panapowekwa lami. Simama kwenye ukingo uliofyekwa karibuni: jua linaingia kwa ubavu, udongo unakauka, na lantana, kichaka vamizi, inajaza nafasi kabla mche wa muhugu, mti wa asili wa hapa, haujapata kivuli cha kukulia. Ukingo mpya unazaa ukingo mwingine kwa ndani. Msitu mdogo uliokwisha kukatwa na Barabara ya Limuru upande mmoja na ya Kiambu upande mwingine hauna kina cha kuvumilia hayo mara nyingi. Na ndani yake kuna kazi ya miaka ya kuondoa mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya mbao na kuni, na kurudisha miti ya asili.

Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, inaonyesha mwendo wenyewe. Barabara ya Southern Bypass ilipita ukingoni, kisha reli ya SGR ikakata katikati kwa daraja refu juu ya nguzo. Wanyama wanapita chini, ni kweli, na daraja ni afadhali kuliko tuta. Lakini kila mradi ulipimwa peke yake, na ukipimwa peke yake daima utaonekana mdogo.

Kwa hiyo ninachodai ni kitu cha kazi yangu. Huduma ya Misitu na mamlaka za barabara zichapishe ramani moja ya Karura, iliyo wazi kwa kila mtu, yenye mpaka wa msitu, hifadhi za barabara (ardhi iliyotengewa barabara) na kila leseni ya kupita iliyokwisha kutolewa, pamoja na upana wake. Mradi mpya ukija, upimwe juu ya ramani hiyo, ukijumlishwa na yote yaliyotangulia.