Wabunifu na Fundi wa Kompyuta Asiyeitwa Tena: Dhana Potofu na Ukweli

Kwa miaka mingi wapiga picha, wahariri wa video, wabunifu wa michoro na watayarishaji wa muziki walikuwa wateja wa kutegemewa wa mafundi wa kompyuta, kwa kuwa kazi zao huzichosha mashine kuliko kuandika barua na kupiga hesabu. Leo wengi wao hupitisha miaka bila kumwona fundi, na maelezo yanayotolewa kuhusu hali hiyo yamerudiwa hadi yakazoeleka. Baadhi yana chembe ya ukweli, lakini mengi yanawaponza watu ambao riziki yao yote imo ndani ya mashine moja.

Linalosikika zaidi ni kwamba kompyuta za siku hizi haziharibiki. Kilichopungua ni aina fulani tu za hitilafu. Diski za zamani zilikuwa na sahani zilizozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na pigo moja zikiwa zinazunguka liliweza kuziua, ilhali hifadhi za SSD hazina kitu kinachozunguka. Hata hivyo betri bado huvimba, tundu la chaja bado hulegea, na maji bado humwagika juu ya kibodi. Kibodi zenyewe ziliwahi kuwa balaa: mwaka 2015 Apple ilianza kutumia kibodi za muundo wa kipepeo kwenye laptopu zake, malalamiko ya vitufe kukwama yakazidi, na mwaka 2018 kampuni ikatangaza mpango wa kuzitengeneza bure.

Sababu nzito zaidi ya wateja kupungua ni jinsi mashine zinavyoundwa. MacBook Pro, laptopu ya Apple, yenye kioo cha Retina, iliyotoka mwaka 2012, ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kazi inayoendelea hukaa) iliyolehemewa kwenye bodi mama na betri iliyogandishwa kwa gundi. Mwaka 2016 matoleo yenye Touch Bar (ukanda wa kugusa juu ya kibodi) yakalehemewa na hifadhi pia, na mwaka 2020 chipu ya M1 ikaiweka RAM katika kifurushi kimoja na prosesa. Watengenezaji wengine wa laptopu nyembamba nao wamelehemu RAM katika matoleo mengi. Kazi mbili zilizompa fundi mkate wake, yaani kuongeza RAM na kubadilisha diski, zikafutika katika mashine hizo, na mhariri ambaye zamani angeongeza RAM mradi ulipokua sasa anatakiwa akisie siku ya kununua mahitaji yake ya miaka mingi ijayo. Kusema kwamba mtu huyu hana haja na fundi si haki hata kidogo, kwa sababu haja anayo, ila mashine aliyouziwa haifunguki kwa ajili ya haja hiyo.

Dhana inayoumiza kuliko zote ni ile inayosema kwamba mashine ikifa, fundi ataitoa diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine na kunakili kazi zote. Hilo liliwezekana zamani. Katika MacBook Pro za mwaka 2018 zenye chipu ya T2, kila kinachoandikwa kwenye hifadhi husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, na ufunguo wa kukisimbua umefungwa ndani ya chipu hiyohiyo, kwa hiyo ukizing'oa chipu za hifadhi na kuzipeleka kwingine utapata takataka tupu. Njia inayobaki ni kuifufua bodi yenyewe. Fundi huiweka chini ya hadubini, huingiza umeme mdogo kwenye njia yenye shoti, kisha hutazama kwa kamera ya joto ni kapasita ipi (kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme), pengine yenye urefu wa milimita moja tu, inayopata moto. Huitoa, huweka nyingine, na mara nyingi lengo ni mashine iwake mara moja tu ili picha za mteja zinakiliwe. Kazi hiyo ni ngumu kuliko zile zilizopotea, na wanaoiweza ni wachache.

Wengine hujibu kwamba hilo haliwahusu kwa kuwa kila kitu chao kiko kwenye wingu. Kwa mwandishi wa makala huenda ni kweli. Lakini video ya 4K katika muundo wa ProRes 422 HQ, unaotumiwa na wahariri, kwa fremu 24 kwa sekunde, hula zaidi ya gigabaiti 300 kwa saa moja, na kwa intaneti inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde, saa hiyo moja huhitaji zaidi ya saa 33 kupanda. Zaidi ya hayo, kusawazisha mafaili na wingu si kuyawekea nakala rudufu, kwani faili likifutwa au kuharibika upande mmoja, badiliko hilo hufuata na upande wa pili.

Ipo pia imani kwamba mashine iliyopungua kasi imezeeka na dawa yake ni kununua nyingine. Kabla ya kufungua pochi, anzisha kazi ndefu ya kutoa video na uitazame: ikianza kwa kasi, feni zikapiga kelele, kisha baada ya dakika chache kasi ikashuka na kubaki chini, inaelekea prosesa inajipunguza ili isiungue. Vumbi lililoziba mapezi ya kupozea, au krimu ya joto iliyokauka juu ya prosesa, ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye mkono mwepesi.

Kuhusu sheria za haki ya kutengeneza, zinasaidia kwa kiasi chake. Ile ya jimbo la New York ilitiwa saini Desemba 2022 na ile ya California ikaanza kutumika Julai 2024, nazo huwataka watengenezaji watoe vipuri, vifaa na miongozo. Hazimlazimishi yeyote kuacha kulehemu RAM. Kwa hiyo swali la iwapo mashine itatengenezeka hujibiwa zaidi dukani, siku ya kununua. Kampuni ya Framework, kwa mfano, tangu mwaka 2021 inauza laptopu ambazo RAM, hifadhi na betri zake hubadilishwa kwa bisibisi, na zana hiyo huja ndani ya boksi.