Kongoro haliendi gotini

Jumapili asubuhi, kwenye supu karibu na soko la Majengo, mzee mmoja ananiona nikiinuka huku nimeshika goti. "Ongeza kongoro, mwanangu, ute urudi." Nikaitikia kwa adabu. Ila ni mara ya tatu mwezi huu, na mimi kutwa nzima niko na kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na mifupa, chini ya hadubini. Leo naandika.

Ule ute unaonata midomoni ni kolajeni kweli, lakini iliyokwisha kupikwa. Kolajeni nzima ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama ukambaa. Moto wa usiku kucha unazisokotoa, inabaki jelatini. Tumbo linamalizia kuikatakata. Hakuna kipande kinachotoka huko kikiulizia njia ya gotini!

Kolajeni hutengenezwa na seli za mahali penyewe. Tunaibandika protini ya kijani, ile aliyoitenga Osamu Shimomura kutoka kwa yavuyavu mwaka 1962, kisha tunaitazama fibroblasti, seli inayotengeneza kolajeni, ikiwa hai: kwanza wavu wa kijani kuzunguka kiini, halafu nukta zinazokimbilia ukingoni. Bila vitamini C msokoto haushiki, kijani kinarundikana humo humo. Afadhali mzee angenisukumia ubuyu.

Na hizo nukta ndizo zinazoninyima usingizi. Ukambaa mmoja wa nyuzi tatu una urefu wa nanomita 300 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Vifuko vya kawaida vya kusafirishia protini vina upana wa 60 hadi 90. Unapitaje? Wapo wanaosema kifuko hutanuka, wapo wanaosema hufunguka kijia kati ya chumba na chumba ndani ya seli. Mimi nimeshabadili upande mara mbili. Hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200, kwa hiyo nukta moja inaweza kuwa msafara. Tena ukambaa uliobebeshwa ile protini ya kijani, nani kaniambia unatembea kama usio na mzigo?

Utaniuliza: "Mbona hospitalini wanaweka kolajeni ya ng'ombe kwenye majeraha ya moto?" Wanaiweka jerahani, si kinywani, ikiwa imesafishwa, msokoto wake mzima. Ni jukwaa tu: seli hulipanda, hulila taratibu, hujenga ya kwao.

Vipande vidogo vya jelatini huonekana kwenye damu baada ya kula, hilo sibishi. Huenda vikazishtua seli. Ila kolajeni ya gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo) la mtu mzima haibadilishwi upesi: nusu yake tu kuisha, makadirio yanazidi miaka 100. Mabakuli mangapi hayo, mzee wangu?