"Piga window tu": tunayoamini kuhusu kompyuta mbovu, na ukweli wake

Mama mwenye nyumba wangu, hapa Tabata, alikuwa amepigiwa window, yaani kufutiwa na kuwekewa Windows upya, mara tatu ndani ya miezi miwili, Sh 15,000 kila mara, na kompyuta bado inajizima. Jioni moja ya Januari akanigongea mlango. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku ameshageuka kurudi sebuleni. "Mwanangu, njoo uitazame hii kitu. Inawaka vizuri, nikifika katikati ya hesabu za kikoba, pu, giza."

Mji huu una jibu moja kwa kila kompyuta. Inaganda? Piga window. Haitoi sauti? Piga window. Hata ikinuka kuungua utamkuta mtu ameshika flashi ya Windows mkononi.

Dhana: Kompyuta ikiwa nzito au ikijizima, window yake imechoka

Ukweli: Windows haichakai kama tairi. Vinavyochakaa ni vitu unavyoweza kuvishika. Ile ya mama ilikaa sakafuni, imebanwa kwenye kona nyuma ya pazia, dirisha linatazama barabara isiyo na lami. Nilipofungua kava la ubavuni, kati ya feni na lile bati lenye mapezi linalopoza prosesa (ubongo wa kompyuta) kulikuwa na vumbi limeshikana kama sufi ya mto. Hewa haipiti. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi joto 100 hupunguza mwendo, na joto likizidi hapo mashine hujizima ili isiungue. Hiyo "pu, giza" ilikuwa kompyuta inajiokoa.

Nilichomoa waya ukutani, nikaipeleka barazani, nikaisugua taratibu kwa brashi ya rangi ambayo haijatumika, kisha nikapuliza kwa bloa. Feni niliishikilia kwa kidole, kwa sababu upepo mkali ukiizungusha kwa kasi unaweza kuiharibu. Tukaiwasha, ikadumu mpaka taarifa ya habari ya saa mbili ikaisha. Mama akaitazama, akanitazama. "Sasa yule alikuwa anapiga nini?"

Kama shida ni uzito tu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona ni programu gani inakula prosesa, memori au diski. Mara nyingi utakuta programu kumi zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi bila wewe kuziomba; hapohapo unaweza kuzizuia. Lakini ukisikia diski inagonga, ka, ka, ka, usiguse kingine. Toa mafaili yako kwanza. Kupiga window kwenye diski inayokata roho ni kuibebesha mzigo mzito saa yake ya mwisho.

Dhana: Umeme umekatika ghafla, Windows imeharibika, hakuna namna

Ukweli: Namna ipo, na imo ndani ya Windows yenyewe. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika, baadhi ya mafaili ya mfumo huharibika. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya kulia, uifungue kama msimamizi; ni dirisha la kuandikia amri. Kwenye Windows 10 au 11, anza na:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii hutengeneza ghala la vipuri vya Windows, na huenda ikahitaji intaneti. Ikimaliza, andika:

sfc /scannow

Hiyo hukagua mafaili ya mfumo na kuyabadilisha mabovu kwa mazima. Kapike chai, maana inachukua muda. Ukipiga window upya, utashusha upya programu na masasisho ya GB kadhaa, na wengi wetu tunashusha kwa bando la simu.

Dhana: Kubofya "Refresh" kunaifanya kompyuta iwe nyepesi

Ukweli: Kunachora upya vialama vya kwenye skrini, basi. Nimeona watu wazima wakibofya mara kumi mfululizo kama wanapepeta mchele.

Dhana: Kila tovuti inasema "si salama", kwa hiyo window ina vairasi

Ukweli: Tazama tarehe kwanza. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha; kompyuta ikidhani tuko mwaka 2012, kivinjari hukataa. Kama tarehe inarudi nyuma kila ukichomoa waya, betri ya ubao mkuu imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, ya volti 3, kubwa kama sarafu. Hata mafundi saa wa Kariakoo wanaijua.

Dhana: Window mpya inaua vairasi wote

Ukweli: Umetoka steshenari kuprinti, ukachomeka flashi, ukakuta mafaili yamegeuka njia za mkato. Ukifuta C, sehemu ya diski inakokaa Windows, na kuweka Windows mpya, vairasi bado yuko kwenye flashi na pengine kwenye D, sehemu nyingine ya diski. Ukibofya tu, karibu tena. Ichunguze flashi kwa antivairasi ya Windows yenyewe, kisha kwenye cmd andika hivi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mara nyingi mafaili hayakupotea, yalifichwa tu. Sisemi window isipigwe kamwe. Kama vairasi wamefunga mafaili na kudai fidia, au Windows yako iliwashwa kwa programu ya kuvunja leseni, hata mimi ningeipiga.

Dhana: "Usijali, nafuta C tu, vitu vyako havitaguswa"

Ukweli: Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Unachokiona kwenye uso wa kompyuta, pamoja na Documents, Pictures na Downloads, kwa kawaida kinakaa ndani ya C, kwenye folda ya Users. Kwa hiyo vitoe kwanza: hata kama mashine haiwaki, diski inaweza kutolewa, ikavalishwa kasha la USB na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Kama imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48.

Mama alikuwa ameweka hesabu za kikoba za mwaka mzima pale usoni, karibu na picha ya wajukuu. Ziliondoka na window ya pili. Alizinakili upya kutoka kwenye daftari la mkono, jioni nne, kompyuta ikimzimikia katikati.